Basi la Brussels na Mawese ya Kongo

Tarehe 31 Agosti 1937, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Brussels aliyeitwa Charles George Chavanne alipata hati ya uvumbuzi nambari 422,877. Hati hiyo inaeleza namna ya kugeuza mafuta ya mimea ili yafae kuendeshea injini. Mafuta aliyoyashughulikia zaidi ni mawese, na nchi iliyokuwa akilini mwake ni Kongo. Leo wataalamu wengi wanaihesabu kuwa hati ya kwanza duniani ya kile kinachoitwa biodizeli. Kiangazi cha mwaka uliofuata, 1938, basi la abiria kati ya Brussels na Leuven lilikuwa likienda kwa mafuta hayo.

Nafundisha umakanika katika shule ya ufundi mjini Butembo. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho nawapa habari za basi hilo kabla hatujafungua nozeli hata moja, kwa sababu wengi wao wanasomeshwa kwa pesa za mawese. Mama wa huyu anauza bidoni za mawese sokoni. Baba wa yule ana shamba la michikichi upande wa Mbau ambalo hathubutu kulikanyaga tena. Wote wamekulia katika mji ambao kwa miaka mingi haukuwa na umeme wa serikali. Ilipofika saa kumi na mbili jioni kila duka liliwasha gurupu lake, yaani jenereta, na kila litri ya mazutu, yaani dizeli, iliyomiminwa humo ilikuwa imesafiri zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Mombasa, ikapita Nairobi, Kampala na Kasese hadi mpaka wa Kasindi. Mtoto aliyekua hivyo anastahili kujua kwamba mafuta ya gari yalitafutwa ndani ya mawese ya nchi yake, yakapatikana, yakabeba abiria, kisha yakawekwa kando. Na nataka ajue ni kwa nini yaliwekwa kando, maana hapo ndipo penye mambo.

Tuanze na ardhi. Butembo iko juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya maharagwe, viazi, vitunguu na ukungu wa alfajiri. Mchikichi haustawi huku. Ukishuka kilomita 54 hadi Beni unakutana na joto, na kuanzia hapo, Mavivi, Mbau, Oicha, Mangina, hata Mutwanga chini ya milima ya Ruwenzori, ni nchi ya michikichi, kakao na ndizi. Ndiyo maana biashara ya Wanande, wenyeji wa huku, ni ya kupanda na kushuka: maharagwe yanateremka, mawese yanapanda.

Yakishapanda, mawese hubadilika. Bidoni iliyojazwa Mbau mchana ikiwa na mafuta mekundu yanayochezacheza, alfajiri ya pili sokoni Butembo ukiiinamisha hakitoki kitu. Wamama wanaziweka bidoni juani, wengine wanaingiza kijiti shingoni na kukoroga. Chukua chupa nyeupe uijaze mawese, uiache dirishani, utaona tabaka mbili: juu mafuta mepesi yenye kung'aa, chini uji mzito wa rangi ya chungwa, una punjepunje ukiusugua kati ya vidole. Uji ule ndio uliowasumbua mainjinia kwa miaka arobaini. Vitundu vya nozeli havifiki hata nusu milimita, na mawese, hata yakipashwa hadi digrii 40, bado ni mazito mara kumi na zaidi kuliko mazutu. Pampu inayasukuma kwa shida, yanatoka kwa matone badala ya mvuke, hayaungui yakaisha. Masizi yanaganda kwenye ncha ya nozeli, ringi za pistoni zinakwama, na oili ya injini inageuka utomvu. Fundi yeyote wa hapa aliyefungua injini iliyonyweshwa mafuta ya kupikia ameyaona haya kwa macho.

Wazo lenyewe ni la zamani karibu sawa na injini. Rudolf Diesel alipeleka maombi ya hati yake mwaka 1892, na injini iliyofanya kazi sawasawa ilisimama Augsburg mwaka 1897. Katika maonyesho ya dunia ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli ikienda kwa mafuta ya karanga, vizuri kiasi kwamba ni watu wachache tu waliotambua. Diesel alieleza mwaka 1912 kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, kwa kuwa makoloni yake ya Afrika yalikuwa na karanga tele na ilitamani mashine za huko ziendeshwe kwa kinachooteshwa huko huko. Alitabiri pia kwamba mafuta ya mimea, yaliyoonekana si kitu wakati ule, yangeweza siku moja kuwa na uzito sawa na petroli. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipotea baharini, katika meli iliyokuwa imeng'oa nanga Antwerp kwenda Uingereza. Antwerp ni bandari ile ile iliyopokea mpira na pembe za ndovu za Kongo, na baadaye mawese.

Nawaomba wanafunzi waangalie wazo hilo lilizaliwa kwa ajili ya nani. Tangu siku ya kwanza, mafuta ya mimea ndani ya injini yalifikiriwa kuwa dawa ya mkoloni aliye mbali na meli za petroli. Mwenye mti hakuwemo katika hesabu.

Kwetu hesabu hiyo ilikuwa na jina. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilitia sahihi mkataba na William Lever, Mwingereza wa sabuni ya Sunlight, ikampa haki ya kuchagua hadi hekta 750,000 za michikichi katika maeneo matano ya mviringo. Kampuni ikaitwa Huileries du Congo Belge, na makao yake ya Lusanga yakapewa jina la Leverville. Hiyo ni mbali na Beni, ni magharibi, bonde la Kwilu. Lakini yaliyotokea huko ndiyo yaliyoamua mawese ya Kongo yatakuwa mali ya nani. Wanaume walilazimishwa kupanda michikichi mirefu na kukata mikungu kwa ujira uliokuwa ukipunguzwa soko lilipoanguka, na mwaka 1931 Wapende wa huko waliasi. Askari wa Force Publique, jeshi la koloni, waliwaua watu mia tano na zaidi. Siwezi kueleza habari za nishati safi ya mawese nikaruka mwaka huo. Mawese yaliyopimwa maabara Ulaya huenda yalikuwa yameshapita mikononi mwa mtu aliyepanda mti kwa kulazimishwa.

Majaribio yalianza mapema. Mwaka 1920 Edmond Leplae, mkuu wa kilimo katika wizara ya makoloni, aliandika makala akieleza jinsi mafuta ya mimea yangeweza kushika nafasi ya petroli katika kuendesha mashine za makoloni. Leplae huyo huyo ndiye aliyeleta kilimo cha lazima Kongo mwaka 1917, kile ambacho babu zetu wa Lubero na Beni walikijua kwa viboko na faini. Alikuwa na sababu ya kuhangaika: petroli iliyoshushwa Matadi, ikapakiwa treni, ikapandishwa mto Kongo kwa meli, kisha barabarani, ilipofika sehemu za ndani bei yake haikushikika. Wabelgiji waliyatia mawese yenyewe ndani ya injini baada ya kuyapasha moto. Zilikwenda, lakini kwa taabu zile nilizozitaja.

Chavanne aliachana na habari ya kuilazimisha injini izoee mawese, aliyabadilisha mawese. Hapa ndipo nashusha pumzi darasani, kwa sababu kila mtu wa Butembo anayejua kupika sabuni ameshafika nusu ya njia. Mafuta ya mawese yameundwa na gliserini iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Mpika sabuni analeta soda kali. Soda inazing'oa zile asidi, zinakuwa sabuni, gliserini inabaki peke yake. Chavanne badala ya soda alileta alkoholi, pamoja na asidi kidogo ya kuharakisha kazi. Alkoholi inachukua nafasi ya gliserini, gliserini inazama chini, na juu kinabaki kimiminika chepesi, esta, ambacho uzito wake unakaribia ule wa mazutu. Alichagua alkoholi ya etili, ile inayotokana na vitu vinavyochachuka, ambavyo koloni lilikuwa navyo. Yaani kila kilichohitajika, isipokuwa asidi yenyewe, kingeweza kuota Kongo.

Mwaka 1942 M. van den Abeele alichapisha ripoti ndefu katika Bulletin Agricole du Congo Belge, kurasa zaidi ya themanini, juu ya mawese kama malighafi ya mafuta mazito ya injini. Humo mna habari za basi la Leuven, na mna vipimo. Kwa kipimo cha wepesi wa kuwaka ndani ya silinda, esta ya mawese ilipata takriban 83, hali mazutu za kawaida walizolinganisha nazo zilipata 50 na 57.5. Kwa fundi, namba hiyo maana yake ni injini inayowaka bila kugonga. Basi swali la kama mawese yanaweza lilijibiwa zaidi ya miaka themanini iliyopita, tena kwa mawese haya haya yetu.

Wakati huo Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeitenga Ubelgiji na koloni lake. Kongo iliendelea upande wa Washirika, na watu wake wakalipa: mwaka 1942 kazi za lazima ziliongezwa hadi siku 120 kwa mwaka. Mawese, mpira, bati, dhahabu, kila kitu kilidaiwa. Katika msimu huo wa njaa ya petroli, wazo la Chavanne lilikuwa na thamani. Vita vilipokwisha, petroli ya bei rahisi ya Mashariki ya Kati ikafurika, na mawese yakaonekana ni ghali mno kuchomwa. Yauzwe Ulaya yawe majarini na sabuni, inunuliwe mazutu, faida ibaki. Nadhani mfanyabiashara yeyote angeamua vile vile. Ila uamuzi huo ulifanywa na watu waliokuwa na bandari. Kijiji kilichoko kilomita elfu na mia tano kutoka baharini kina hesabu nyingine, na hakuna aliyeipiga hesabu hiyo kwa niaba yake.

Kuna kipande cha pili cha hadithi, nacho kiko karibu nasi zaidi: Yangambi, mtoni, upande wa chini wa Kisangani. Huko taasisi ya utafiti wa kilimo INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilikuwa na mashamba makubwa ya michikichi. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walitangaza siri ya ganda la chikichi. Mchikichi wa dura una ganda nene na nyama kidogo. Wa pisifera hauna ganda, lakini mara nyingi hauzai vizuri. Ukiichavusha hiyo miwili unapata tenera: ganda jembamba, nyama nene, mafuta mengi zaidi kwa mkungu mmoja. Karibu kila shamba kubwa la michikichi duniani leo, Malesia, Indonesia na kwingineko, limepandwa tenera.

Sasa unganisha vipande viwili. Indonesia ilianza mwaka 2020 kulazimisha asilimia 30 ya esta ya mawese katika dizeli yake, ikapanda hadi 35 mwaka 2023, na mwaka 2025 ikatangaza 40. Mbegu inayozaa mafuta hayo ilifahamika kwa kazi ya Yangambi. Njia ya kuyafanya yawe mafuta ya gari iliandikwa kwanza kwa kuifikiria Kongo. Na Kongo, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mawese duniani kabla ya uhuru, leo inanunua mawese kutoka Asia.

Yaliyoleta hali hii tunayajua, wengine tumeyaishi. Utafiti ulikuwa wa kampuni na serikali ya kikoloni, ulipoondoka uliondoka na daftari zake. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuwanyang'anya wageni biashara na mashamba, wakapewa watu ambao wengi wao hawakujua hata shamba liko wapi. Barabara ya Beni kwenda Kisangani, ambayo Wanande walipeleka humo mboga na maharagwe kwa malori, ikawa matope ya kuzika lori hadi kioo. Kufikia vita vya 1998 Beni na Butembo zilikuwa zimegeuza uso kabisa kuelekea Uganda. Mazutu yakaja kutoka huko, chumvi, mabati, soda ya sabuni. Njia moja ya lami na vumbi, Kasindi hadi Beni, ikawa koo la mji mzima.

Mara kwa mara alitokea mtu wa kuahidi. Mwaka 2007 dunia nzima iliandika kwamba kampuni ya ZTE ya China ingepanda michikichi ya biodizeli kwenye hekta milioni 3 za Kongo. Shamba hilo halikuonekana. Jirani zetu Tanzania walipewa ahadi ya mbono kaburi, mmea wa mbegu zenye mafuta. Kisarawe, wanakijiji walitoa ardhi yao, zaidi ya hekta 8,000, kwa kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza, na kufikia 2011 kazi ilikuwa imesimama, vibarua wamerudi nyumbani, ardhi haijarudi. Ninaloliheshimu zaidi ni jambo dogo lililofanyika Engaruka, mkoani Arusha, ambako shirika la TaTEDO liliweka injini ya aina ya Lister ikienda kwa mafuta ya mbono, isage nafaka na iwashe taa za kijiji. Injini ya Lister inakwenda polepole, haina maringo, inastahimili mafuta mazito kuliko injini ya gari. Ukubwa wa Engaruka ndio ninaouona unafaa Mangina na Mutwanga.

Nendeni Mangina mkaangalie kinu cha mawese. Ni pipa la litri 200 lililosimamishwa juu ya mawe, ndani mna mhimili wenye mapanga butu, juu umefungwa mti mrefu wa mlalo. Vijana wanne wanausukuma mti ule wakizunguka, vifua vimelowa. Chikichi zilizochemshwa tangu usiku zinatiwa zikiwa moto, maji ya moto yanamwagwa juu, na chini linatoka povu jekundu linalochemshwa tena hadi maji yaishe. Moto wenyewe unakokwa kwa makapi na maganda. Mwenye kinu mmoja huko ameshanunua injini ya mazutu ili awapumzishe wale vijana. Nilipomuuliza kwa nini asiiendeshe kwa mawese anayoyakamua mwenyewe, alinijibu kwa bei: bidoni ya mawese inalipa ada ya mtoto, na barabara ikiwa wazi mazutu hayamshindi. Na barabara ikifungwa? Akasema ikifungwa anarudi kwa vijana wanne.

Ana haki. Mawese ni mchuzi kwanza, ni sombe, ni sabuni, na sitaki mwanafunzi wangu yeyote aje kumshawishi mama wa Butembo kwamba lori linakula kabla ya watoto. Lakini hapa barabara imefungwa mara nyingi mno hata kufungwa kwake si ajali tena, ni majira. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya waasi wa ADF yamewatoa wakulima wa Mbau, Oicha na Eringeti katika mashamba yao. Chikichi zinaiva, zinaanguka, zinaoza chini ya mti. Malori yamechomwa moto kati ya Beni na Kasindi. Upande wa kusini, Kanyabayonga ilitekwa na waasi wa M23 Juni 2024, Goma Januari 2025. Hesabu ya 1945, kwamba petroli itafika tu, haijawahi kuwa kweli kwetu kwa muongo mzima.

Na tunavyo vya kuanzia. Mutwanga kuna umeme wa maji wa pembeni mwa Hifadhi ya Virunga tangu 2013, na kwa umeme huo kiwanda cha SICOVIR kimekuwa kikipika sabuni ya mawese. Watu wake wanajua kupima mafuta, soda na joto. Butembo tuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben na kitivo chake cha kilimo. Tunayo pombe ya ndizi ya kuchemshwa, ingawa hapo pana kazi ngumu: ina maji, na maji yakiingia katika kazi ya esta mambo yanaharibika; asidi ya mafuta inajitenga, esta haipatikani vizuri. Kuikausha alkoholi hiyo bila mashine ya gharama ndilo swali ambalo ningependa kijana mmoja wa Graben alale nalo.

Nakala ya ripoti ya 1942 ninayo, picha za simu zilizochapishwa karatasi kwa karatasi, Kifaransa cha zamani chenye majedwali. Tunaitafsiri darasani kwa Kiswahili, jioni, gurupu likiruhusu. Wanafunzi wawili wanashughulikia majedwali, mmoja anachora vyombo, na mwana wa yule mwenye shamba la Mbau amechagua kurasa zinazohusu kutenga gliserini. Ameuliza kama gliserini hiyo ingeuzwa kwa wapika sabuni ili kufidia gharama ya alkoholi, na kwa sasa tunatafuta bei zake sokoni.